Beti Arobaini na Mbili za Mchonga Funguo

Haupiti mwezi bila mtu kunisimamisha hapa Rímac akaniuliza muziki wenyewe wa Lima unasikika wapi. Wengine wana simu mkononi yenye orodha ya baa kumi, na katika hizo kumi, saba ni mahali ambapo mpiga gitaa amevishwa kofia na mwenye mgahawa. Mimi huwaambia waende kwenye baa ya Zoila, Jumapili, baada ya chakula cha mchana, wakae kimya na simu waziache mfukoni. Wanakwenda, wanakula mishikaki ya moyo wa ng'ombe, wanapiga makofi pasipotakiwa, wanarudi kwao wameridhika. Hawajui kwamba wamefika shughuli imekwisha. Mtu waliyepaswa kumsikia hayupo tena, na kosa si lake peke yake.

Jina lake Eleodoro Urdanivia. Alikuwa mchonga funguo, kibanda chake kilikuwa mlangoni mwa soko, mtu mfupi mwenye masharubu na suti moja ya kahawia aliyoivaa kazini, kanisani na baa. Ukimpa ufunguo, kabla hujamaliza kumweleza habari za mkeo ameshakutolea wa pili, nao unafungua vizuri kuliko wa kwanza. Funguo za watu alizitolea nakala mchana kutwa. Beti zake hakuna aliyepata nakala hata ya mmoja.

Nami namjua kwa sababu nilikaa kando yake miaka thelathini na moja. Mimi ni mpiga sanduku. Naketi juu yake, nalipiga kwa viganja katikati ya miguu yangu, na bila mimi hakuna harana. Lakini hebu jiulize nani amewahi kwenda baa kumsikiliza mpiga sanduku. Hata jina langu, Wenceslao, watu wa pale kwa Zoila waliliona refu, wakalikata nusu wakaniita Wence.

Harana si kuimba tu, ni kujibizana. Mmoja anatupa ubeti wa mistari minne, mwenzake anaudaka na kujibu kwa mahadhi yaleyale na juu ya jambo lilelile, magitaa hayasimami, sanduku halisimami. Mnakwenda raundi tatu. Atakayekosa la kujibu ameshindwa, na mwamuzi hakuna, kimya chake kinatosha. Na aliyeshinda ana haki ya kumwomba mshindwa ubeti mmoja, naye hawezi kumnyima. Hivyo ndivyo beti zilivyotembea kutoka mdomo hadi mdomo tangu zamani. Shida ya Eleodoro ni kwamba hakushindwa.

Baba yake alimwachia beti arobaini na mbili ambazo hakuna mwingine aliyezijua Lima nzima. Hazikuandikwa popote. Aliimba katika baa tatu: kwa Zoila huku Rímac, klabu ya mafundi viatu kule Barrios Altos, na duka la Mchina mmoja huko Breña lililokuwa na meza nne nyuma. Kila baa ilikuwa na beti zake. Ubeti ulioimbwa kwa Zoila haukuvuka mto, na ulioimbwa leo haukurudi mpaka miaka ipite na waliousikia wawe wamelewa, wamekufa au wamehama. Nilikuwa naye baa zote tatu, na bado ukiniambia niutaje mmoja nilikuwa nashika mstari wa kwanza, wa pili unaponyoka. Mikono yangu ilikuwa kazini, kichwa hakikupata nafasi.

Simu zilipoingia ndiyo tukaona vituko. Kwetu bia inanywewa kwa glasi moja, chupa inazunguka na glasi inazunguka, unajimiminia, unampa jirani chupa, unakunywa, povu unalimwaga chini, glasi inaendelea. Eleodoro akiona simu imeinuliwa kumrekodi, aliacha kuimba akashika ile glasi. Hanywi, haitoi. Duara zima koo zimekauka, watu kumi na tano wanamtazama mwenye simu. "Kijana, tunakufa kwa kiu," Zoila husema, na simu inarudi mfukoni haraka sana.

Basi nikamwambia siku moja kibandani kwake, "Kompadre, andika japo kumi. Ukifa je?" Tuliitana kompadre kwa sababu nilimsimamia binti yake, Nérida, ubatizo.

"Nikifa nimekufa. Mbona unaharakisha urithi, mimi hata mafua sina?"

"Simaanishi mimi. Namaanisha Nérida."

"Nérida ana mdomo. Aje anipokonye." Akapuliza unga wa chuma kwenye ufunguo. "Akiba haiozi, Wence."

Ndivyo alivyokuwa akisema, akiba haiozi. Mahindi ghalani hayaozi, sawa, ukiyafunika vizuri. Lakini akiba ya kichwani ni jambo jingine, na yeye, mtu mwenye akili, hakutaka kulisikia.

Nérida alilelewa kwa Zoila zaidi kuliko nyumbani, maana mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita. Alilala juu ya makoti ya wapiga gitaa. Akiwa na miaka kumi na mmoja alimwendea baba yake kibandani akasema, "Baba, nifundishe ubeti mmoja wa babu, mdogo tu." Yule bwana hakuinua hata uso. Akamjibu, "Ubeti hauombwi. Ukiombwa ukatolewa, umekuwa sadaka." Mtoto wa miaka kumi na mmoja, jamani. Nilikuwepo, nikacheka. Nilidhani ni mzaha mzuri.

Alipokua alipata kazi ya kuimba kwenye mgahawa wa watalii kule Barranco, sketi ya marinda, ua kichwani, nyimbo sita na tabasamu. Sauti alikuwa nayo, nene kidogo chini, kama ya babu yake walivyosema waliomjua. Eleodoro hakwenda kumsikia hata siku moja. Akiulizwa alijibu, "Binti yangu anawaimbia watu wanaotafuna," akabadilisha mazungumzo.

Halafu ikaja ile Jumapili ya Oktoba, siku ya kuzaliwa ya Zoila, nusu ya watu wamevaa zambarau kwa sababu ya maandamano ya kanisa ya Bwana wa Miujiza. Tumemaliza kula, sahani zinaondolewa. Nérida, wakati huo ana miaka ishirini na minne, akaja akavuta kiti kilichomkabili baba yake akakaa. Vichwa vyote vikageuka, maana kile ni kiti cha mpinzani.

Zoila, aliyekuwa amebeba trei, akamwambia, "Mwanangu, hicho kiti kina moto."

"Ndiyo nimekuja kuota, Mama Zoila. Nimesikia baridi miaka mingi."

Watu wakaguna kwa raha. Eleodoro akajifuta masharubu kwa kitambaa, polepole, akaniambia, "Piga, kompadre." Sote tulijua anachokitaka binti. Amshinde baba yake mara moja tu, aombe ubeti mmoja, mlango uwe umefunguka. Na nawaapia, katika baa ile hakuna aliyekuwa upande wa Eleodoro. Hata wapiga gitaa wake walimwombea ashindwe.

Raundi ya kwanza alimjibu vizuri. Ya pili alimjibu vizuri zaidi, mpaka mzee mmoja wa klabu ya mafundi viatu akavua kofia. Ndipo Eleodoro akatoa ubeti ambao hatukuwahi kuusikia, mtamu, umepangika, juu ya ndege aliyefugwa akijaza tumbo kwa makombo ya wageni mpaka akasahau sauti ya mama yake. Sauti ya mama yake. Na sheria inasema ujibu juu ya jambo hilohilo. Ili ajibu, ilimpasa Nérida amtukane baba yake mbele ya watu, na amguse marehemu. Maneno alikuwa nayo, niliyaona yamefika mdomoni. Akayameza.

Mpiga sanduku ana uwezo wa kuzungusha mapigo mara moja zaidi, kumpa mwimbaji pumzi ya kutafuta njia nyingine. Hakuna anayegundua, ni adabu tu ya kazi. Mimi sikuzungusha. Ubeti ulikuwa umenilevya, nilitaka kuona unavyofunga. Nikafunga, pa, pa, na kimya kikamkuta Nérida amekaa.

"Rudi ukijua," Eleodoro akamwambia, akanyoosha mkono wa glasi.

"Sirudi, baba," akasema Nérida, bila ukali. Mwezi huohuo akaenda Chile, Santiago, akapata kazi ya saluni. Miaka tisa. Alikuwa akimpigia Zoila simu kila Krismasi, na mimi nikiwa karibu aliniomba niongee. Alikuwa akiuliza, "Hajambo?" na mimi najibu, "Hajambo." Jina hatukulitaja.

Eleodoro naye alikuwa anakonda moyoni na hasemi. Huo ndio ujinga wetu sisi watu wa harana, tunajua kujibu kila kitu isipokuwa jambo linalotuuma. Mara moja nilimkuta anachonga ufunguo wa nyumba yake mwenyewe, akautia kwenye bahasha, akaandika Santiago. Wiki iliyofuata bahasha bado iko juu ya mashine. Baada ya mwezi ikafunikwa na unga wa chuma. Sikumuuliza.

Duka la Mchina likafungwa, likawa duka la dawa. Klabu ya mafundi viatu ikabaki na wanachama wanne na pango la nyumba likawashinda. Ikabaki kwa Zoila peke yake, na huko ndiko tulikogundua. Jumapili moja Eleodoro alitupa ubeti mzuri juu ya taa na upepo. Jumapili iliyofuata akautupa uleule, kwa baa ileile, mbele ya watu walewale. Tulitazama chini, kila mtu kwenye kiatu chake. Mpinzani wake wa siku hiyo angeweza kusema amejirudia na kuomba haki ya mshindi, hakuomba. Wiki ya tatu aliuanza tena na katikati ukamponyoka, akaketi anatabasamu akitusubiri, akidhani zamu ni yetu.

Sokoni alianza kutoa funguo zisizofungua. Zoila akapiga simu Chile.

Nérida alikuja na begi dogo na daftari la shule lenye mistari. Ana miaka thelathini na mitatu, kope zimechoka. Baba yake alimpokea vizuri sana, akamwita kwa jina la marehemu mkewe, akamwuliza kama mkate umenunuliwa. Nérida alilia jikoni kidogo, akanawa uso, akaanza kazi. Asubuhi ndipo kichwa cha mzee kilikuwa safi. Alimpikia uji wa kwinoa, anaketi naye dirishani, anampigia meza kwa vidole ili mahadhi yamsaidie. Na mzee akawa anatoa. Mtu aliyewaficha watu wote maisha yake yote, sasa anatoa kama bomba lililopasuka, tatu, nne, hata tano kwa asubuhi. Baada ya siku kumi na moja daftari lilikuwa na beti arobaini na mbili, kamili.

Akaniletea nyumbani. Uso unang'aa, sijawahi kumwona hivyo tangu akiwa mtoto. "Ba'mdogo, ninazo. Zote. Alinipa mwenyewe, sikuzinyang'anya. Soma."

Nikavaa miwani. Wa kwanza ulikuwa huu:

Nimevuka darajani,
maji chini yalicheka;
nikiuliza, "Kwa nini?"
"Mwenzio ameshavuka."

Nikafungua ukurasa wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Ule wa darajani hata muuza mahindi wa pembeni mwa kanisa anaujua. Uliofuata ni wa watoto wa shule wa enzi zetu. Wa kumi ni tangazo la zamani la redio, la sabuni. Zote arobaini na mbili ni beti za mitaani, zile zinazoimbwa na kila mlevi wa Lima, zile ambazo Eleodoro alizidharau kiasi kwamba hakuwahi kuzificha. Ndizo zilizobaki kwa sababu alizisikia mara elfu. Za baba yake, zilizoimbwa mara moja kwa miaka saba, zilikuwa zimetoka kwanza. Nérida hakuweza kujua. Alikulia kwenye makoti kwa Zoila, ambako hakuna aliyethubutu kuimba beti za mitaani, akafunzwa nyimbo sita za watalii, kisha akaishi Chile.

"Ndizo zenyewe?" akaniuliza.

"Ndizo, mwanangu," nikasema. Na hapo nilidhani namhurumia.

Alitaka kuziimba Jumapili mbele ya baba yake akiwa bado hai. Nikapita kwa Zoila, nikapita kwa wazee waliobaki, nikawaeleza. Wazee hawa ni watu wabaya katika harana, hawamsamehei hata padri, mtu akikosea kina wanamkumbusha mpaka mazishi yake. Nikawaomba wasijibu. Zoila akasema, "Atakayefungua mdomo hatakunywa hapa tena." Wakakubali, bila ubishi.

Jumapili ikafika. Eleodoro tumemkalisha na suti yake ya kahawia, kifungo cha juu amefungwa. Nérida akakaa akaimba ule wa darajani, kwa sauti ile nene, na nawaambia sijawahi kusikia ubeti wa barabarani ukaimbwa kwa heshima kiasi kile. Akamaliza, akamtazama mzee wa kwanza. Mzee ana majibu sita ya ubeti ule, nayajua yote. Akainamisha kichwa. Nérida akaimba wa pili, akamtazama mzee wa pili, naye kimya. Watu walioshiba majibu wakakaa kama mabubu, na Nérida shingo inanyooka, anaanza kucheka kwa macho, anaamini anawaangusha mmoja mmoja kwa beti za babu yake.

Katika ubeti wa tano, Eleodoro alijibu.

Alijibu kwa mahadhi safi, bila kukosea, jibu la kawaida kabisa ambalo kila mtu analijua. Nérida akashtuka, akatupa mwingine. Akajibu. Akatupa wa saba. Akajibu tena, na safari hii alipiga goti lake kwa kiganja. Kisha akamgeukia Zoila akasema kwa sauti ambayo baa yote ilisikia, "Binti huyu wa nani? Sauti anayo. Lakini anaimba beti za sokoni, hizi hata mbwa wa mtaa wa Malambo anazijua."

Nérida akatutazama. Alipita uso mmoja baada ya mwingine, na kila aliyemfikia aliangalia pembeni. Hakuhitaji kuelezwa. Akafunga daftari, akamfunga baba yake skafu shingoni kwa sababu upepo ulikuwa unaingia, akambusu kichwani. Mzee akamshukuru kwa adabu.

Akanikuta nje barazani.

"Ulijua, Ba'mdogo?"

"Nilijua."

"Zote?"

"Zote."

Hakunikasirikia, heri angenikasirikia. Akasema, "Umekaa kando yake miaka thelathini na moja. Huna hata mmoja wa kweli? Mmoja tu, ule uwao wote. Nikiwa na mmoja nitaridhika."

"Sina, mwanangu. Mimi ni mtu wa sanduku."

Alirudi Chile. Eleodoro tulimzika Agosti, na makaburini watu waliimba ule wa darajani, maana ndio uliokuwepo.

Sasa nisikilizeni. Mwaka ule ambao bahasha ilikuwa juu ya mashine, nilifika kibandani alasiri moja, yeye amenipa mgongo, hakunisikia. Alikuwa anaimba chini chini, si kwa kushindana na mtu, ubeti wa baba yake juu ya mtoto aliyeondoka nyumbani na mlango usiofungwa. Aliurudia mara nne. Mikono yangu siku hiyo ilikuwa haina kazi. Niliushika wote, mistari minne, mpaka pumzi yake niliishika.

Kwa hiyo ninao. Nilikuwa nao pale barazani, ulikuwa mdomoni nilipomwambia sina. Msiniulize kwa nini kama hamjakaa juu ya sanduku maisha yenu yote mkisikia wengine wakishangiliwa. Katika Lima nzima ni mimi peke yangu niliye na ubeti wa Urdanivia, na wazee kwa Zoila wanahisi, wananimiminia bia kwanza. Hapa pia sitauandika.

Nina miaka sabini na sita. Wiki iliyopita mstari wa tatu ulinitoka, nikautafuta kutwa nzima nikizunguka nyumba, ukarudi karibu na jioni, na sina hakika kama ulirudi wote. Namba ya Nérida ninayo, Zoila aliniandikia kwenye karatasi, iko hapa mezani. Sijampigia.